Mgeni wa Alhamisi

Walikutana kwenye lifti ya hoteli, asubuhi yenye harusi mbili, watumishi wakipishana kama siafu. Mpishi aliingia na beseni la unga wa ngano. Ndani alikuwemo dobi, dada mrefu wa gauni la buluu, amebeba shuka zilizotoka kupigwa pasi. Lifti ikatingishika, unga ukamwagikia shuka.

"Umenirudisha kwenye mashine," dobi alisema.

"Basi nikulipe kwa chai."

"Chai haifui shuka."

Hata hivyo aliinywa. Tangu hapo simu kila jioni: umekula, mpenzi? Lala salama, moyo wangu.

Kilichomtia mpishi donda rohoni ni Alhamisi. Kila Alhamisi mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa, aliketi na dobi kwenye benchi nyuma ya chumba cha pasi. Walinong'ona, dobi akacheka kicheko ambacho mpishi alidhani ni chake peke yake. Siku hizo vitunguu viliungua na supu ikazidi chumvi.

"Yule nani?" alimuuliza hatimaye.

"Mtu wa kazi."

"Kazi gani ya kushikana mikono?"

Dobi akaweka pasi chini. "Mwaka juzi niliugua akili, nikalazwa. Nilipopata nafuu hakuna aliyetaka kuniajiri. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na huja kuona kama naimudu. Ndiyo kazi yake."

Aibu ilimpata mpishi, lakini wivu haukutoka, ulizama zaidi. "Kwa hiyo anakujua kuliko mimi. Mbona hukuniambia?"

"Yeye analipwa asinikimbie. Wewe ungebaki kwa lipi?"

Jioni hiyo mpishi hakupiga simu, wala iliyofuata.

Alhamisi alifika kwenye benchi na aproni yake, akaketi katikati yao.

"Akianza kuugua nitajuaje?" akamuuliza yule mtu.

"Muulize mwenyewe, si huyo hapo."

Dobi akamgeukia mpishi. "Nikinyamaza kutwa, nikawa napiga pasi shuka moja tena na tena, nishike mkono unitoe nje. Usiniulize kama nimerukwa na akili."

"Nitakutoa. Nikiwa mumeo nitakuwa karibu zaidi."

"Unaniposa unanuka vitunguu?"

"Ndivyo nilivyo."

"Nitafikiri," akasema, lakini vidole vyake vilikuwa tayari ndani ya vya mpishi.

Yule mtu akainuka, akafunga koti. "Haya, shemeji, nawaacheni. Tuonane wiki ijayo."

Mpishi alikuwa amejiandaa kuchukia neno lolote la mtu yule. Hilo hakulitarajia.

"Karibu, shemeji," akajibu. "Njoo mchana, ule kwanza."