Kontroli Boksi la Esteria

Siku ile mjinga alikuwa Anselm, na tusihangaike kumtetea. Mtu aliyezaliwa Magamba, aliyejua kutembea kwenye mteremko kabla ya kujua tambarare, anaegeshaje pikapu sokoni Lushoto bila jiwe kwenye tairi? Lakini Dar es Salaam humsahaulisha mtu mengi. Ilikuwa imemfundisha umeme wa magari na kuvaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Adabu ya jiwe ikamnyang'anya.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Karoti zimelowa umande, plamu zimepangwa mafungu mafungu, na harufu ya vitunguu vya liki imechanganyika na moshi wa mahindi ya kuchoma. Anselm alikuwa ameinama akichagua pichi pale pikapu yake ilipoanza safari yenyewe, taratibu, kama mzee anayekwenda kanisani. Watu wakapiga kelele. Naye akageuka kutazama wanamkimbiza mwizi gani.

Ko! Pikapu ikaegemea mgongo wa gari dogo jeupe, ikatulia.

Kutoka gari lile akashuka dada mmoja. Sweta la rangi ya haradali, gauni la kitenge, raba nyeupe zisizo na tope hata chembe, na nywele amesuka twende kilioni zikamwacha uso wazi. Akaitazama pikapu. Akamtazama mwenye pikapu, aliyefika mbio na mfuko wake wa pichi.

"Kaka, hili lako lina dereva au huwa linajipeleka?"

"Samahani sana, dada. Nilikuwa nanunua matunda."

"Nalo likaona lije kununua bampa."

Kina mama wa karoti wakacheka mpaka wakashikana mabega. Anselm naye akacheka. Alishapigwa na maisha vya kutosha kujua kwamba anayechekwa asiponuna, kicheko huisha mapema.

Bampa lilikuwa limekwaruzika tu. Lakini dada alipowasha gari aondoke, injini ikakohoa, ikazima. Akawasha tena. Ikakohoa, ikazima.

"Umeligonga nyuma, limezimia mbele," alisema. "Wewe ni hodari."

"Mimi ni fundi umeme wa magari. Niruhusu niangalie."

Alifungua chini ya dashibodi akachomoa kontroli boksi, kile kijisanduku ambacho ndicho kompyuta ya injini, kinachoamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche ipigwe lini. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani.

"Maji ya mvua yamekuwa yakiingia humu siku nyingi. Lilikuwa linaumwa. Mimi nimelimalizia tu."

"Wauaji wote husema hivyo."

Jina lake Esteria. Gari hilo ndilo kazi yake: hukodiwa na watu wa harusi, wagonjwa na wageni. Likilala, naye amelala. Anselm alimweleza kwamba boksi la mtumba kutoka gari jingine lingekataa ufunguo wake. Ila yeye alikuwa nalo jipya karakana, la kampuni nyingine, la kuchomeka na kuwasha. Soketi zilezile, haukatwi waya hata mmoja. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya gari la ndoto zake.

"Na hizo ndoto zako je?"

"Zitasubiri. Wewe una wateja."

Esteria akachukua pichi moja kwenye mfuko wa Anselm bila kuomba, akaila.

*

Kulichomeka lile boksi hakukuwa kazi. Kazi ni kulifundisha liijue injini. Basi alasiri zikawa hivyo: Esteria kwenye usukani, Anselm pembeni na kompyuta mapajani, wakipanda kuelekea Magamba na kurudi, fundi akiongeza mafuta hapa, akipunguza pale, miti ya msitu ikipita dirishani imejifunika ukungu.

"Kanyaga. Kanyaga zaidi. Sasa achia."

"Mama yangu tu ndiye huniamuru hivyo."

"Basi mama yako angekuwa fundi mzuri."

"Mama yangu angekufukuza. Hapendi mtu anayetazama skrini wakati anaongeleshwa."

Anselm akafunga kompyuta. Akamtazama. Esteria akakosa gia.

Siku moja walisimama mwisho wa lami, wakanywa chai ya tangawizi kwenye chupa, mvuke ukipanda kati yao. Esteria akamwambia gari alilirithi kwa baba yake. Na kila fundi aliyempelekea alisikiliza injini, akamwangalia yeye, akasema anaendesha vibaya.

"Ukitaka tupatane, Anselm, jambo ni moja tu. Nikikwambia kitu, nisikie mpaka mwisho."

"Nitakusikia mpaka mwisho."

"Umeitika haraka mno."

Gari likawa tamu. Likawaka asubuhi ya baridi kwa mguso mmoja, likapanda kona za Magamba kama limeitwa chakulani. Simu nazo zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Kande." "Umeniachia?" "Nimekuachia sufuria uoshe." Lushoto ni ndogo, haikuchelewa kujua.

*

Jumatatu baada ya harusi moja huko Rangwi, Esteria aliwachukua mashangazi wawili wa bibi harusi kuwapeleka Korogwe. Kushuka mpaka Mombo, salama. Kupita Mombo kidogo, Anselm akiwa karakana na mikono imejaa grisi, simu ikalia.

"Anselm, nimepita Mombo kidogo, gari linagonga."

"Linagonga wapi?"

"Ndani ya injini. Nilikuwa nalipita lori, nikakanyaga, likaanza kulia kama..."

"Umejaza mafuta wapi?"

"Nisikilize kwanza. Likaanza kulia kama..."

"Este, mpenzi, hayo mafuta ya chupa ya barabarani hayaaminiki. Gari nimelipima mwenyewe. Halina tatizo."

Nyuma yake mashangazi walisikika wakilalamikia jua.

"Sijaweka mafuta ya chupa."

"Basi umelikanyaga vibaya."

Halafu simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa, na alipopiga mara nyingine ilikuwa imezimwa.

Anselm alinung'unika, akanawa mikono, akafungua kompyuta. Nia yake, na hapa pia tusimtetee, ilikuwa kutafuta ushahidi kwamba yeye ndiye mwenye haki. Akaifungua ramani ya mafuta aliyoitengeneza, jedwali la namba linaloliambia boksi mafuta yaingie kiasi gani. Ina safu nyingi. Injini ikivuta hewa nzito zaidi, hupanda safu ya juu zaidi. Akazitazama. Chini, namba zote alikuwa amezirekebisha kwa mkono wake. Juu kabisa hakuwa amegusa kitu.

Akakaa kwenye tairi kuukuu.

Milimani hewa ni nyepesi. Hata Esteria angekanyaga mpaka sakafuni, kule Magamba injini isingefika safu zile. Zilibaki kama zilivyotoka kwenye boksi, za kubahatisha. Mombo ni bondeni, hewa ni nzito; Esteria alipokanyaga ili alipite lori, injini iliingia safu hizohizo, mafuta yakawa haba, injini ikagonga. Ni kosa la watu wa mlimani: hudhani dunia yote iko juu. Na kama Esteria asingesikia ule mlio akasimama, injini ingenoki, ingekufa kabisa. Aliyeliokoa gari ndiye aliyeambiwa amelikanyaga vibaya.

Hakuvua hata ovaroli. Akashuka na pikapu, kona baada ya kona, Soni ikapita, maporomoko yakanguruma bila kutazamwa.

*

Alimkuta kando ya barabara, kwenye kibanda cha chapati cha mama mmoja aitwaye Halima. Sweta amelifunga kiunoni, vumbi limezikalia raba zile nyeupe. Mashangazi walikwishapanda basi.

"Ndiye huyu?" Halima aliuliza bila kuacha kugeuza chapati.

"Ndiye."

"Mbona mfupi?"

Anselm akamsalimu Halima, kisha akachuchumaa mbele ya Esteria. Kompyuta aliiacha kwenye pikapu kwa makusudi.

"Lililia kama nini?"

Esteria akatazama pembeni. "Sasa ndiyo unauliza."

"Sasa ndiyo nauliza. Nitakusikia mpaka mwisho."

Malori yakapita, upepo wa joto ukalipepea gauni.

"Kama mtu anatikisa mahindi makavu ndani ya debe," alisema. "Nikiachia mafuta, linanyamaza. Nikikanyaga, linarudi. Nikajua likiendelea litakufa. Nikasimama. Mashangazi wakanitukana mimi na ukoo wangu, nikasema acha, nampigia Anselm, yeye ataniamini." Akakung'uta vumbi kwenye raba. "Halafu ukawa kama wale wengine."

"Ulikuwa sahihi tangu neno la kwanza. Kosa ni langu, liko kwenye ramani yangu. Nililifundisha gari mlimani tu, nikaapa nimelijua. Nisamehe, Este. Si kwa injini. Kwa kukukatiza."

Halima aliacha kugeuza. Chapati ikaanza kuungua.

"Mpe jibu, mwanangu, unga umepanda bei."

Esteria akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Nenda kalete hiyo kompyuta yako. Naendesha mimi. Na leo nikisema kitu, unanyamaza mpaka nimalize."

Waliifanya kazi kwenye tambarare, kwenda na kurudi, safari hii Esteria akisema alichosikia na Anselm akirekebisha, mpaka mahindi yakanyamaza kabisa debeni. Alipolipita lori kwa mara ya mwisho, injini ikaimba. Esteria akacheka peke yake. Anselm akamtazama akicheka, ulimi ukamtoka:

"Twende kwenu Rangwi sasa hivi. Nikamwambie mama yako nataka kukuoa."

"Una wazimu. Na ovaroli?"

"Ovaroli inavuliwa."

"Mtu haoi kwa kushtukiza, Anselm."

"Tunangoja nini? Unanipenda, hunipendi?"

"Nakupenda, lakini kwetu kuna utaratibu!"

"Utaratibu utatukuta njiani!"

Simu ya Esteria ikalia. Mama yake. Kwa kuwa alikuwa kwenye usukani, akaiweka kwenye spika.

"Uko na nani humo, mbona mnabishana?"

"Na fundi, mama."

Anselm akasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeng'oa ubongo wa gari la mwanangu?"

"Ndiyo, mama, ila nimeweka mwingine wa kisasa, hauna hata waya uliokatwa, nao leo nimeurekebisha kwa mlimani na bondeni." Esteria alimfinya, hakusikia. "Na kwa kuwa tumeongea, mama, naomba pia nimuoe Esteria. Mimi si mvivu, nina karakana, na hili boksi lina kumbukumbu kubwa, linapima joto, linapima hewa, nikifika nitakuonesha kwenye skrini..."

Upande wa Rangwi jogoo akasikika akiwika.

"Baba," mama alisema, "unaomba mke au unaniuzia redio? Kata simu, ukamtafute mshenga mwenye mvi."