Skrini Arobaini

Walikutana kwa ugomvi. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umejaa nyundo na vumbi la mbao, kila mtu akikimbizana na saa ya kufungua milango. Muuza viatu mmoja alileta skrini kubwa kama mlango kwenye kibanda cha hatua tatu kwa tatu, na fundi wa vibanda, kijana mrefu mwenye penseli sikioni, alikuwa tayari kuifunga kwenye ukuta wa nyuma. Dada mmoja mfupi, gauni la kijani na raba nyeupe, akasimama kuangalia. Riziki yake ilikuwa hiyo hiyo: kuchagua na kupanga skrini za vibanda vidogo.

"Ukiiweka hapo, mteja wa kwanza akisimama mezani ataiziba yote," alisema. "Tafuta ndogo, iweke pembeni, igeuze kidogo ielekee njia. Na sauti uzime, andika maneno makubwa. Kwa kelele hizi nani atasikia?"

"Kwani wewe ni nani?"

"Mtu anayejua."

Muuza viatu akamsikiliza dada, fundi akanuna, na jioni haijafika fundi huyo huyo akaomba namba ya simu. Miezi minane baadaye alikuwa akimwita Kadogo na kumpigia kila mchana kumuuliza kama amekula. Shangazi aliyemlea Kadogo alishaambiwa kwamba wazazi wa fundi wangekuja Jumamosi fulani kuzungumzia ndoa.

Katikati ya raha hiyo uongozi wa ukumbi ukatangaza zabuni: mtu mmoja apange skrini za vibanda vidogo vyote arobaini. Kwa Kadogo, aliyekuwa akiokoteza kibanda kimoja kimoja, hiyo ndiyo kazi ambayo ingemtoa. Wiki nzima alichora kwenye meza ya shangazi, fundi akimsaidia vipimo. Siku moja fundi akamsimamisha ukutani na futi yake ya kupimia.

"Macho yako yako sentimita mia moja arobaini na mbili, mpenzi. Mgongo wangu utaisha kwa kukuinamia."

Kadogo alicheka mpaka akakosea. Palipotakiwa urefu wa skrini kutoka sakafuni aliandika mia moja arobaini na mbili, na fundi akaupiga mchoro picha kwa simu yake ili akakadirie mbao. Kesho yake Kadogo aliligundua kosa, akaandika mia moja hamsini na nane, ndipo akaupeleka kwa uongozi wa ukumbi.

Akakosa. Kazi ilikwenda kwa kampuni kubwa, na fundi alimbembeleza kwenye simu mpaka akalala.

Asubuhi ya ufunguzi, zikiwa zimebaki siku mbili wazazi wa fundi waje kwa shangazi, Kadogo alienda kuona waliomshinda wamefanya nini. Skrini zilikuwa ndogo, zimekaa pembeni, zimegeuzwa kidogo kuelekea njia, hazina sauti, maneno makubwa. Alijiambia kwamba hata wengine wana akili. Kisha akaona watu wanainamisha shingo kuzisoma. Yeye peke yake hakuinama.

Akaazima futi kwenye kibanda cha jirani, akapima. Mia moja arobaini na mbili. Akapima kibanda cha pili, na cha tatu. Kosa lile lilibaki sehemu moja tu, kwenye picha iliyokuwa ndani ya simu ya mtu mmoja.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, amevaa shati jipya lenye nembo ya ile kampuni, mafundi sita chini yake. Hakudanganya, angalau hilo tumpe. Alikiri kwamba walimwahidi kazi ya mbao ya vibanda vyote, naye akawatumia picha.

"Nilifanya kwa ajili yetu," alisema. "Wewe wasingekupa. Wangekupaje, mtu mmoja na begi lake? Nikaona bora mmoja wetu apate."

Hapo ndipo alipomkata maini. Kuibiwa mchoro pengine angekuja kusamehe. Lakini wiki nzima pale mezani mtu huyu alimshikia futi huku moyoni ameshamtoa kwenye mashindano.

"Meneja wa ukumbi yule pale mlangoni," Kadogo alisema. "Nenda kamwambie mchoro ni wa nani."

Fundi akatazama mlango, akatazama mafundi wake.

"Maonyesho yakiisha, Kadogo. Siku tatu tu. Nitasema kila kitu."

Kadogo akatoa simu, akampigia shangazi na kumwomba awaambie wageni wa Jumamosi wasije. Shangazi, ambaye alishapeleka kitambaa kwa mshonaji, akauliza kama wanaahirisha au wanavunja.

"Sema tunaahirisha," fundi alinong'ona, amemshika mkono. "Nakuomba."

Kadogo alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Simu ikiwa bado sikioni, aliitazama miguu ya fundi, aone kama hata mmoja utasogea kuelekea mlangoni. Haukusogea.

"Tunavunja, Shangazi," alisema.