Muqbil na Chuo cha Wananchi

Muqbil aliuza samli katika soko la Sana'a. Hakumwamini mtu. Hata samli ya shemeji yake aliinusa kwanza.

Mwaka ule serikali ilifungua chuo kikuu cha kwanza cha taifa. Binti yake, Taqiyya, akachaguliwa kusoma huko.

"Tena bure?" Muqbil aliuliza. "Hapo pana namna. Huendi!"

Taqiyya alilia usiku kucha. Asubuhi akaja jirani yao, Wahiba, mkunga wa hospitali.

"Si bure, Muqbil," alisema. "Ni kodi yetu. Chuo cha umma ni mali ya wananchi wote. Leo kinafundisha walimu, kesho madaktari. Mimi daktari ninayefanya naye kazi katoka nchi ya nje, hajui lugha yetu, tunaongea kwa ishara!"

"Maneno matamu hayo. Na mabinti wanafanywa nini humo ndani?"

"Wanasoma. Nenda ukaone mwenyewe."

Basi Muqbil akamruhusu binti yake, kisha akamfuata kwa siri, akijibanza kutani. Aliingia darasani, akaketi nyuma kabisa. Mwalimu alikuwa akieleza jinsi choo kinavyochafua maji ya kisima kilicho karibu. Mara akamwona.

"Mzee wangu, unamtafuta mtu?"

Darasa zima likageuka. Taqiyya akainama kwa aibu.

"Namchunga binti yangu," Muqbil alijibu. "Na wewe, hayo ya choo umejuaje? Umeyaona?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Umeuliza vizuri. Hapa hatuamini tu kwa kuambiwa. Lete maji ya kisima chako, tuyapime mbele yako."

Kesho yake Muqbil alileta maji. Hakubandua macho kwenye mikono ya mwalimu, asije akatia kitu. Kisha akachungulia kwenye hadubini. Vijidudu vilikuwa vikitapatapa. Akamkumbuka Arwa, mtoto wake mdogo, ambaye alikuwa haachi kuharisha.

"Na sisi tunakunywa haya?" akanong'ona.

Siku hiyohiyo walianza kuchemsha maji ya kunywa. Baadaye akakihamisha choo mbali na kisima. Arwa akapona, akanenepa. Taqiyya akaendelea na masomo bila kufuatwa.

Miaka ikapita, chuo kikapanuka. Kitivo cha tiba kilipofunguliwa, Arwa alikuwa msichana mkubwa. Kabla hajaomba ruhusa, baba yake alimwita.

"Nenda ukasomee udaktari, mwanangu. Ila kila wanalokwambia, waulize wamejuaje."