Sauti Ndani ya Ghala la Korosho

Mabasi ya kusini yalikuwa yameingia stendi ya Kibiti kwa mpigo mmoja, wapiga debe wakitukanana na wauza korosho wakining'inia madirishani. Katikati ya fujo hiyo, Mudathiri alisimama mbele ya meza ya mitumba akigeuzageuza blauzi ya mahameli ya rangi ya zambarau.

"Hiyo ya kike, kaka," muuzaji alimwambia.

"Najua."

"Ya dada'ako?"

"Yangu mie."

Muzdalifa, mwenye meza, alimtazama kuanzia nywele, ambazo kitana kilikuwa kimezisusa, hadi suruali iliyofagia vumbi. Mwenyewe alikuwa amejitanda kanga ya buluu, safi kana kwamba vumbi la stendi lilimwogopa.

"Haikutoshi. Ukiinua mikono tu, mgongo wote nje."

"Nipanulie basi. Nimeona una cherehani."

"Nitakupanulia. Ila ukiulizwa nani kakushonea, usinitaje."

Mudathiri alicheka. Kesho yake alirudi kuchukua blauzi, kesho kutwa akarudi kulalamikia kifungo ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Wakati huo miaka ya tisini ilikuwa imeanza, biashara zimefunguliwa, na kila mtu aliyekuwa na redio alitaka kaseti mpya. Mudathiri alipiga gitaa katika bendi ya Radi ya Mikoko. Bushiri alipiga ngoma, Mtoro besi. Walipiga roki ya saikedeliki, aina waliyoijua kwa santuri za mabaharia: gitaa linapitishwa kwenye kikanyagio cha kugeuza sauti hadi linalia kama paka kisimani, wimbo mmoja unakula robo saa, na msikilizaji anabaki na kizunguzungu bila kunywa kitu. Wenyewe waliiita roki ya njozi. Kaseti yao ya kwanza ilipendwa Dar es Salaam. Sasa msambazaji wao wa Kariakoo, Abdulswamadu, aliwakopesha mashine ya kurekodia na kuwaambia waziwazi: albamu ya pili ikidoda, warudi kulima.

Walirekodi katika ghala la korosho lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata korosho mashambani. Mwangwi wake ulilifaa gitaa lakini uliziharibu ngoma. Bushiri akataka pazia la magunia la kumzunguka.

"Namjua fundi," alisema Mudathiri haraka.

"Tunajua unamjua," alijibu Bushiri. "Vifungo vyote vya blauzi yako vimeshashonwa mara mbilimbili."

Muzdalifa akaja ghalani na sindano ya magunia. Alikaa pembeni juu ya mkeka, akashona huku wao wakipiga, na walipopumzika alimletea Mudathiri chai.

"Huu muziki wenu unaisha lini?" alimuuliza.

"Ukiisha utaniaga uende zako. Ndiyo maana hauishi."

"Maneno hayo unayatoa kwenye santuri?"

"Yametoka hapahapa Kibiti, bibiye."

Aliinamisha uso, lakini Mudathiri aliona shavu likimcheka. Pazia lilipokamilika hawakuwa tena fundi na mteja. Jioni walitembea pamoja hadi njia panda, yeye mbele, Mudathiri nyuma hatua kadhaa kwa ajili ya macho ya watu, wakizungumza kwa kurushiana.

Muzdalifa alikuwa na tabia ya kuimba akishona. Siku moja, kabla pazia halijaisha, jenereta ikinguruma nje na gitaa likilia ndani, alidhani hakuna sikio lililobaki la kumsikia, akauachia wimbo polepole, kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa unyagoni, wa kufunda wari, wasichana waliovunja ungo. Maneno yake hayaandikwi hapa. Mwanamume hausikii, na mwanamke hauelezi. Msimu huo Muzdalifa alikuwa ameruhusiwa kwa mara ya kwanza kukaa na makungwi na kufundisha, heshima aliyoingoja kwa muda mrefu.

Hakujua kwamba juu yake, kwenye boriti, Mudathiri alikuwa ametundika maikrofoni ya kunasa mwangwi.

Mudathiri aliigundua sauti ile alipokuwa akisikiliza peke yake. Ilikuwa imepanda juu ya gitaa na kulikamilisha. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshtua mpenzi wake kwa furaha. Akachukua ukanda mama, ule wa asili, akapanda basi la Dar, na kutoka dukani kwa Abdulswamadu akapiga simu posta ya Kibiti, ambako Muzdalifa alikuwa ameagizwa asubiri.

"Umekula, mpenzi?" Muzdalifa aliuliza.

"Acha kula. Sikiliza zawadi yako."

Akauweka mkonga wa simu kwenye spika. Kule Kibiti Muzdalifa alisikia gitaa, kisha akajisikia mwenyewe. Karani wa posta alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akitabasamu, akitikisa kichwa kwa mdundo.

"Mudathiri, umeutoa wapi huo?"

"Kwako! Siku ya magunia. Abdulswamadu anasema huu ndio utakaouza albamu nzima."

"Ufute."

"Nini?"

"Nimesema ufute."

"Kwa nini? Mbona sauti nzuri hivyo?"

Kumweleza sababu kulikuwa ni kuutaja wimbo wenyewe, na karani yupo pale. Akakata simu.

"Anataka jina," Abdulswamadu alisema akijipepea na jalada la kaseti. "Wanawake wa siku hizi wamejanjaruka. Mpe jina lake."

Mudathiri aliona ni kweli. Jioni hiyohiyo alimtuma dereva wa basi na ujumbe: jina la Muzdalifa litakaa kwenye jalada, kubwa kuliko la bendi, na picha yake pia. Muzdalifa alipoupata alifunga meza ya mitumba, akapanda boti kurudi kijijini kwao Mbuchi.

Mudathiri alirudi Kibiti na nakala ya kaseti, akawasikilizisha Bushiri na Mtoro; stendi alikuta mahali pa meza pana muuza ndizi. Akaenda kwa mama yake, Bi Mwamvua, ambaye alikuwa akimenya mihogo uani.

"Mama, nimemtunza mtu kwa zawadi, na jina na picha yake jaladani, naye amenikimbia. Hebu sikia, unihukumu."

Aliitia ile nakala katika redio kaseti, akaiwasha. Bi Mwamvua alisikiliza kidogo tu, akatupa kisu, akachomoa betri kwa mkono uliojaa utomvu.

"Nani wamesikia huu?"

"Bushiri, Mtoro, Abdulswamadu. Na karani wa posta."

"Wanaume watupu. Na wewe wa tano." Alikaa chini kwa uzito. "Kuna mahali wanawake tunaenda, wewe hujawahi kwenda wala hutakwenda. Hapo ndipo mwisho wa maelezo yangu. Futa."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia kwa mdomo upi? Kukuambia si ndiyo kuutoa? Na ukataka kumpiga picha juu yake! Makungwi wakiujua huo, mtoto wa watu hakanyagi tena penye wari."

Mudathiri alirudi Dar bila kula mihogo. Sauti ya Muzdalifa na gitaa vilikuwa vimeingia kwa maikrofoni moja. Kufuta sauti kungefuta na gitaa, na gitaa lile hakuwahi kulipiga hivyo kabla wala hakuwa na hakika angeweza tena.

"Ukifuta huo, umefuta albamu," Abdulswamadu alimwonya.

"Na nisipofuta?"

"Utakuwa tajiri kidogo."

Mudathiri alibonyeza kitufe cha kurekodi bila kuunganisha chombo chochote, ili ukimya uufunike wimbo, akasimama akitazama ukanda ukizunguka hadi wimbo ukaisha. Abdulswamadu alikuwa ametengeneza nakala moja tu, ile aliyoisikia Bi Mwamvua. Hiyo Mudathiri hakuifuta. Aliitia mfukoni.

Mbuchi alimkuta Muzdalifa na mama yake wakifunga kamba za kufukuzia ndege shambani. Mpunga ulikuwa umechanua suke na ndege walikuwa wengi.

"Nimefuta," alisema hata kabla ya salamu.

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna nyingine?"

Angeweza kusema hakuna. Pale shambani hakuna aliyejua. Alitazama matope miguuni pake, akaingiza mkono mfukoni akatoa kaseti.

"Hii niliibakisha. Si ya kuuza. Nilitaka nikikaa mbali nawe, nikusikie."

Muzdalifa aliipokea. Akavuta ukanda kwa kidole, ukamwagika mapajani mwake, mweusi, unang'aa.

"Anayetaka kunisikia akiwa mbali," alisema, "asikae mbali. Una wazee?"

"Ninao."

"Basi watume. Siye hatuoleani shambani."

Mama yake, aliyejifanya hasikii, aliuokota ule ukanda. Pale Mbuchi ukanda wa kaseti ukivutwa kati ya miti hulia na upepo na kuwafukuza ndege. Akaufunga juu ya mpunga kutoka mti hadi mti.

Albamu ya pili ilitoka na wimbo mmoja pungufu, ikauza nusu ya ile ya kwanza. Bushiri alinuna mwezi mzima.

Siku ya posa, wazee walipokuwa wakinywa chai kibarazani, Mudathiri na Muzdalifa walisimama pembeni mwa shamba. Upepo ulikuwa umeanza. Ukanda ulivuma juu ya mpunga, mfululizo, bila neno.

"Unasikia nini?" Muzdalifa aliuliza.

Mudathiri alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza gitaa.

"Upepo tu."

"Vizuri," alisema Muzdalifa, akamshika mkono mbele ya wazee wote.