Nafasi Aliyoipata Kituyi

Sogeeni karibu, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaopenda kushika maikrofoni. Jambo hili lilitokea mtaani Langas, katika nyumba isiyokuwa na pombe wala makofi, na ndiyo maana majirani walichelewa kuona kwamba ndani yake mna ugonjwa.

Jumamosi hiyo asubuhi Nangila alikuwa ameandaa meza vizuri. Chai ya maziwa ilikuwa kwenye thamosi, viazi vitamu vilikuwa vimefunikwa kwa sahani, na mvua ya jana yake ilikuwa imelaza vumbi lote la barabara. Pembeni mwa sebule ilikaa komputa ya familia, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kila alipopita aliitupia jicho.

Nangila alikuwa mwalimu wa chekechea aliyekuwa akisomea diploma wakati wa likizo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa humo ndani ya komputa, katika folda moja: sura zote alizoandika, pamoja na video za watoto wa darasa lake, tangu walipokuwa hawajui hata herufi moja mpaka wakasoma sentensi nzima. Ilitakiwa chuoni Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kumpa kazi ya kudumu akishapata diploma hiyo, na Nangila alikuwa amechoka kuitwa msaidizi na wasichana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Programu ya chuo ya kupokelea kazi za wanafunzi haikufunguka kwenye komputa yenye mfumo wa zamani, kwa hiyo ilibidi mfumo mpya uwekwe kwanza. Nangila alikuwa amejaribu jana yake, na komputa ikamwandikia kwamba nafasi haitoshi, aondoe baadhi ya faili kisha ajaribu tena.

Mtauliza nafasi ililiwa na nini. Ililiwa na mume wake.

Siku za kazi Kituyi alikuwa karani katika bohari la mbolea, na wikendi alikuwa emsii, mwendesha shughuli za watu. Mazishi ya Turbo, harusi ya Moiben, mchango wa kanisa, popote palipokuwa na hema na spika mbili, Kituyi alikuwepo na koti lake jeupe, akimkabidhi mtu simu na kumwambia, "Nishike vizuri, usinikate kichwa." Mjane mmoja wa Turbo alipewa dakika mbili azungumze juu ya marehemu. Kituyi alitumia nusu saa kumkaribisha.

Akirudi nyumbani alizimimina video zote kwenye komputa, na hakufuta hata moja. Kulikuwa na video ambayo ndani yake anajaribu maikrofoni tu, heloo, moja mbili, tena heloo. Kulikuwa na hotuba moja iliyohifadhiwa mara tatu, eti isije ikapotea. Flashi ya nyumbani aliijaza yeye. Kadi ya kumbukumbu ya simu ya mkewe aliiazima akaijaza pia, na kuirudisha akasahau. Mwanamke wa watu hakuwa na mahali pa kuweka nakala ya kazi yake, na mwanamume huyu alikuwa na nakala tatu za heloo.

"Baba Marvin," Nangila alisema akimmiminia chai, "zile video zako, hata nusu tu, si tutoe ndio hii komputa ipate nafasi?"

Kituyi alikiweka kikombe chini polepole, kama alivyozoea kufanya mbele za watu. "Mama Marvin, hiyo ni historia. Historia haifutwi."

"Hata ile unajaribu maikrofoni?"

"Hiyo inaonyesha vile nilianza."

Nangila hakutaka kubishana. Alisema ataenda Kapsoya kwa Nyakio, mwalimu mwenzake, amwazime diski ya kuhamishia hizo video. "Hakuna yako itapotea," alimwambia. "Lakini usiguse kitu mpaka nirudi. Kazi yangu yote iko humo."

"Nimesikia," Kituyi akasema.

Ni kweli alisikia. Tatizo ni kwamba Isaiah, jirani yao, alikuwa amemwambia kwamba mfumo mpya unaonyesha video kwa ung'avu zaidi, na tangu siku hiyo Kituyi alikuwa na hamu ya kujiona aking'aa. Mkewe alipofunga lango, alikifunua kile kitambaa, akakaa.

Nangila alirudi wakati wa chakula cha mchana, diski ikiwa ndani ya mkoba. Alikuta komputa ina sura nyingine kabisa, rangi nzuri, maandishi makubwa. Katikati ya kioo alisimama Kituyi wa koti jeupe, na mbele ya kioo alikaa Kituyi mwenyewe akijitazama huku anatabasamu.

"Karibu Mama Marvin. Ile kitu ilikushinda, nimemaliza. Mfumo ni mpya."

Nitasema ukweli, Nangila alifurahi. Kwa muda mfupi alimwona mumewe kuwa mtu wa maana, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa siku nyingi. Kisha akauliza, "Nafasi umeitoa wapi?"

"Kulikuwa na folda kubwa inakula space bure. Nikaitoa. Komputa bado ikakataa, nikaenda kwa ile pipa ya takataka nikamwaga yote. Hapo ikakubali."

"Folda gani?"

"Imeandikwa Watoto. Nilifungua nikaona ni watoto wa watu wanasema a, e, i, o, u. Hao watoto hata si wetu."

Nangila alikaa kwenye mkono wa kochi, mkoba ungali begani. Kwenye kioo Kituyi alikuwa akiwashukuru wageni waliotoka mbali. Nangila alimwomba mumewe azime. Kituyi akapunguza sauti.

"Hiyo ilikuwa diploma yangu," Nangila alisema. "Huu mfumo nilikuwa nautaka kwa sababu ya hiyo kazi. Umeifuta kazi ndio uweke kitu cha kuipeleka."

"Si ungeandika Diploma?" Kituyi akajibu. "Mtu atajuaje?"

Siku hiyo hiyo waliipeleka komputa mjini kwa fundi anayeitwa Waweru. Aliihangaikia mpaka jioni. Aliwaeleza kwamba pengine zile faili zingepatikana kama komputa ingeachwa ilivyo baada ya kufutwa, lakini mfumo mpya ulikuwa umejiandika juu ya faili hizo. Alipata vipande vya video visivyofunguka. Nangila alivichukua hivyo hivyo.

Jumatatu alimpigia simu Madam Njambi, mhadhiri wake, akamsimulia. Madam Njambi alimhurumia, na bado akamwambia kwamba bila ushahidi wa darasani hawezi kumpa alama. Lazima aanze utafiti upya, na darasa jipya. Nangila alifikiria wale watoto wake wa kwanza. Tayari walikuwa wanasoma mabango ya maduka njiani. Hakuna awezaye kumrudisha mtoto kwenye siku alipokuwa hajui kusoma ili amrekodi tena. Nafasi ile ya kudumu akapewa mwalimu mwingine, na Nangila akaendelea kuitwa msaidizi.

Nabalayo, dada mkubwa wa Kituyi, alipopata habari alifunga safari akaja. Alimkalisha mdogo wake sebuleni mbele ya mkewe.

"Kituyi, umemkosea huyu mama. Omba msamaha, tena sasa."

"Sawa, dada. Ni haki yake."

Akainuka. Nangila alidhani anamjia. Lakini Kituyi aliingia chumbani, akatoka na koti jeupe mwilini. Akaiegemeza simu kwenye thamosi, akainama kuhakikisha kichwa hakikatwi, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakohoa.

"Mabibi na mabwana," alianza.

Sebuleni walikuwa wanawake wawili. Aliwashukuru kwa kuacha shughuli zao. Alizungumza juu ya unyenyekevu, akagusia ndoa kwa jumla, akaeleza jinsi kiongozi wa kweli anavyokubali makosa. Alipofika kwenye neno samahani alitua, akingoja makofi. Nabalayo alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Baba Marvin," Nangila alisema kwa upole, "na hii utaiweka wapi?"

Kituyi hakuona ubaya wowote katika swali hilo. Alifurahi hata, kwamba kwa mara ya kwanza mkewe anajali mambo yake.

"Usijali," akasema. "Zile za watoto zilikuwa kubwa. Nafasi bado iko."

Nangila alisimama, akachukua mkoba wake wenye diski ya Nyakio, akatoka nje. Simu iliendelea kurekodi kiti chake kitupu. Siku hizi kazi yake mpya anaifanya kwenye komputa ya shule, na nakala zake ziko kwa Nyakio. Nyumbani anapika, anafua na kusalimia vizuri, lakini hakuna kitu chake cha thamani anachokiacha mahali ambapo mkono wa Kituyi unafika.

FUNZO

Mtu anayejipenda kupita kiasi si lazima awe mlevi au mpigaji ndipo aibomoe nyumba. Huyu hujaa tu. Anajaa sebuleni, anajaa kwenye simu na kwenye mazungumzo, na siku mwenzake anapohitaji nafasi ndogo, anaondoa cha mwenzake na kukiita takataka kwa sababu sura yake haimo. Nyinyi mnaoishi na mtu wa aina hii, wekeni nakala za kazi zenu mbali naye, na msingoje mfumo mpya ndipo mkumbuke. Na wewe unayesoma haya huku ukimcheka Kituyi, usifute cha mtu kabla hujamuuliza, kisha fungua simu yako uhesabu picha zako, uhesabu na za mkeo.