Kisanduku Kipya na Kisanduku Chenye Masizi

Ndugu zangu, majirani zangu, na ninyi wote mnaopenda kufungua vitu ili muone vya ndani, kaeni niwaeleze. Habari hii sikuisikia kwa watu. Mimi ni fundi saa, na lenzi yangu ya jichoni ndiyo iliyoona jambo ambalo hadi leo natamani nisingeliona.

Zamani maonyesho yetu yalikuwa madogo na matamu. Jumamosi moja kila mwaka tulikutana kwenye ukumbi wa shule, madawati yamesogezwa ukutani, watu kama thelathini wenye wazimu unaofanana. Dereva wa lori alileta kengele ya mlango aliyoiunda kwa vipuri vya redio mbovu. Muuguzi mmoja alileta saa ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao. Hakukuwa na mshindi wala jukwaa. Sheria ilikuwa moja, imeandikwa kwa chaki mlangoni: MFUNIKO WAZI. Ukileta kitu, unafungua skrubu, unaweka mfuniko pembeni, na anayetaka anainama kutazama ndani na kuuliza. Ukikosea unaambiwa. Ukipatia unaigwa, na kuigwa ndiyo ilikuwa sifa yenyewe.

Rafiki yangu tuliyemwita Injinia hakuwa injinia hata kidogo. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, anazunguka mitaa kutwa na daftari, jioni anakaa na redio zake. Mama yake alikuwa amepoteza usikivu kabisa. Kila mwaka Injinia alimleta ukumbini, akamketisha mbele ya redio aliyoiunda ndani ya kasha la mbao. Mama aliweka kiganja juu ya kasha na kufumba macho. Mtikisiko wa spika ukimpanda mkononi, alianza kutikisa kichwa kwa mapigo ya muziki.

"Huyu anaimba vizuri!" alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia.

Ukumbi mzima ulicheka kwa furaha. Injinia naye alivimba kifua utadhani kajenga daraja.

Mkewe, ambaye mimi humwita Shemeji, alikuwa mshonaji. Injinia ndiye aliyemfundisha kulehemu, yaani kuyeyusha kile kiwaya cha risasi ili kishike vipuri pamoja. Mkono uliozoea sindano hautetemeki, na baada ya miaka miwili Shemeji alikuwa anatushinda wote. Sisi tulifurahi. Injinia alifurahi pia, mwanzoni, kama anavyofurahi mtu ambaye bado yuko mbele.

Siku moja mama mkwe, aliyekuwa akiishi peke yake, alisahau sufuria jikoni. Alikuwa sebuleni, hasikii chakula kinavyoungua, na kwa bahati tu jirani aliuona moshi. Shemeji hakulala na wazo lile. Aliunda kisanduku cha kuning'iniza ukutani karibu na jiko. Kikinusa moshi, taa nyekundu inawaka na kuzima sebuleni, mbele ya kiti cha mama. Kwa mwaka mzima kilimwokoa mara tatu, na kikapata masizi kama ilivyo haki ya kitu cha jikoni.

Sasa sikieni jinsi mambo yalivyoharibika.

Mwaka ule kampuni moja ya kuuza simu ilikuja na mahema, spika kubwa, jukwaa na kombe. Tukaambiwa kutakuwa na majaji na mshindi. Watu wapya walijaa, wengine wamebeba vitu vilivyonunuliwa vikiwa tayari ndani ya boksi, kazi ni kubana skrubu nne na kuwasha taa za rangi. Sheria ya chaki ilifutwa kwa sababu washindani waliogopa kuibiwa mawazo. Mifuniko ikafungwa. Wapo waliotia gundi kwenye skrubu. Nisiwalaumu wageni peke yao, maana tulipiga kura, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Nilitaka saa yangu ya ukutani ipate kombe.

Saa yangu hakuna aliyeitazama. Redio ya Injinia watu waliipita kama nguzo ya umeme. Umati ulikuwa kwa Shemeji na kisanduku chake, na kombe likaenda kwake. Picha iliyosambaa kwenye simu ilimwonyesha anatabasamu, na pembeni yake kipande cha mtu.

"Ona," Injinia aliniambia, akinisukumia simu. "Bega langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika lehemu, kilichotoka ni bega."

Nami, kwa roho yangu mbaya ya siku ile, badala ya kumpoza nikamchoma. "Zoea, bwana. Siku hizi wewe ni mume wa Shemeji."

Nilisema kwa kucheka. Hakucheka. Neno lile aliondoka nalo hadi nyumbani.

Tangu hapo wivu ulihamia katika nyumba ile ukapewa chumba. Injinia alianza kuificha lehemu nzuri juu ya kabati. Mkewe akiomba bisibisi ndogo, haionekani. Mgeni akija kumwuliza Shemeji jambo, mumewe anajibu yeye. Alihesabu wanaomsalimia mkewe njiani na wanaomsalimia yeye. Mtu mzima, ndugu zangu, msoma mita, anasoma salamu.

"Una nini siku hizi?" Shemeji alimwuliza siku moja, nikiwa nimekaa mezani kwao.

"Sina kitu."

"Kama kombe ndilo linalokuudhi, nitalirudisha."

"Nani kataja kombe? Kombe lako, sifa zako. Mimi si mume wa Shemeji tu?"

Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama chai yangu.

Maonyesho yaliyofuata, Shemeji aliunda kisanduku kipya, safi, kimepakwa rangi ya buluu, kwa ajili ya majaji. Ijumaa mchana alitoka kwenda kununua nyuzi. Injinia akabaki na kisanduku mezani. Haya niliyasikia baadaye kutoka kinywani mwake. Alifungua skrubu, akayeyusha lehemu, akakitoa kipuri kimoja chenye umbo la kikopo, kapasita, chenye upande wa chanya na wa hasi. Akakigeuza, akakirudisha, akafunga.

Kipuri kile kikigeuzwa hakifi hapo hapo. Kinafanya kazi kidogo, kinapata joto, kinavimba, kisha kisanduku kizima kinanyamaza. Injinia alijua. Alitaka Shemeji akikijaribu nyumbani kiwake, kisha kimwaibishe jukwaani mbele ya watu wote. Alitaka hilo tu, aliniapia, na mimi ninamwamini. Wivu ulikuwa umembana hata asiweze kuwaza zaidi ya jukwaa.

Jumamosi asubuhi Injinia alitangulia ukumbini kupanga meza yake. Shemeji alipokuwa peke yake, moyo ulimrudisha kwenye mambo ya zamani. Alijiambia watu hawahitaji kuona rangi ya buluu, wanahitaji kuona kitu kilichofanya kazi. Akapita kwa mama mkwe, akashusha kisanduku chenye masizi, akatundika kipya mahali pake. Akakijaribu kwa moshi wa kijiti cha kiberiti. Taa ikawaka sebuleni. Mama akamwonyesha dole gumba, na Shemeji akaja ukumbini akiwa na kile cha zamani kimefungwa ndani ya kitambaa.

Jukwaani alifunua kitambaa, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alitoa bisibisi, akafungua skrubu, akaweka mfuniko pembeni. "Anayetaka kuiga aje aone," alisema. Sisi wazee wa chaki tulipiga makofi hadi viganja vikauma.

Injinia alikuwa amesimama karibu nami. Niliona rangi inamtoka.

"Kile cha buluu kiko wapi?" aliita.

"Nimempelekea mama," Shemeji alijibu kwa furaha. "Anastahili kipya."

Ndugu zangu, nyumba ya mama ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mtu anayekimbia angetumia nne. Injinia hakukimbia. Alikaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena. Nilimwuliza kama anaumwa akasema joto. Sikujua alikuwa anapima nini moyoni. Akiondoka ghafla, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, Shemeji atakuwa na kombe na yeye atakuwa na aibu. Akajiambia pengine mama hapiki leo. Akajiambia atasubiri matokeo tu, kisha aende.

Matokeo yalichukua nusu saa. Walipolitaja jina la mshindi, ambaye hakuwa Shemeji wala yeye, simu ya Shemeji ililia. Ilikuwa sauti ya jirani wa mama.

Sufuria ilikuwa imekauka jikoni na pazia likashika moto. Mama alikuwa sebuleni mbele ya taa yake, ametulia, kwa sababu taa haikuwaka. Alipofikiwa na harufu alikwenda mwenyewe jikoni, akalishika pazia linalowaka kwa mikono miwili, akalivuta chini. Majirani walimkuta amekaa sakafuni, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayeonyesha kitu.

Jioni ile, mama akiwa hospitalini, Shemeji aliniletea kile cha buluu. Kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja tu. "Fundi, nitazamie," alisema. "Nilikosea wapi? Karibu nimuue mama kwa mkono wangu."

Niliweka lenzi jichoni. Kapasita ilikuwa imevimba na imegeuka. Lakini si hilo lililonishtua. Lehemu ni kama mwandiko. Matone ya Shemeji ni madogo na ya duara, kama mshono wake. Matone mawili chini ya kapasita yalikuwa makubwa, yamevutwa mkia upande wa kushoto. Mkia ule nilikuwa nimeuona miaka kumi na sita ndani ya redio moja ya mbao.

"Si mkono wako," nilisema.

"Ni wa nani?"

Nilivua lenzi. Injinia alikuwa mlangoni, na yeye ndiye aliyejibu. "Wangu."

Shemeji hakupiga kelele. Alisema tu, "Ulikuwa ukumbini nusu saa nzima baada ya kujua."

Hakusema neno jingine kwake siku hiyo wala wiki ile. Alikusanya nguo zake na cherehani, akahamia kwa mama mkwe, akawa anamlisha na kumvisha. Hadi leo anaishi huko. Mkwe na mkwe wanasikilizana kuliko mke na mume.

Mikono ya mama ilipona baada ya miezi mitano, ikawa na ngozi nene inayong'aa. Jumapili moja Injinia alikuja na redio ya mbao. Mimi nilimsindikiza kwa sababu aliogopa kuja peke yake. Shemeji alifungua mlango akatupisha bila salamu. Injinia aliweka redio mbele ya mama, akawasha, akaongeza sauti hadi madirisha yakatetemeka na majirani wakatoka nje.

Mama aliweka kiganja juu ya kasha, akafumba macho kama zamani. Tulisubiri. Kichwa chake hakikutikisika. Alisogeza kiganja huku na huku, akabonyeza, akafumbua macho na kumtazama mwanawe kwa upole.

"Mwanangu," alisema kwa ile sauti yake kubwa, "bado hujaiwasha?"

FUNZO

Wivu haukuanza siku ya kapasita. Ulianza siku tulipofunga mifuniko tukaanza kuogopana, ukalishwa kwa mzaha kama ule wangu, ukakuzwa kwa kuhesabu salamu. Ukiona mwenzako, au mke wako, au mwanafunzi wako amekupita, mwambie waziwazi kwamba unaumia. Kuumia si dhambi. Kuficha maumivu na kuyapa bisibisi ndiko kunakoleta maangamizi. Na ukishakosea, kimbia ukatengeneze dakika hiyo hiyo, hata kama aibu inakungoja mlangoni. Injinia aliiogopa aibu kwa nusu saa, sasa anaishi nayo kila siku.

Mwaka huu tumerudi kwenye ukumbi wa shule, bila jukwaa wala kombe. Sheria ya chaki nimeiandika mimi mwenyewe. Kwenye meza ya kwanza mlangoni tumeweka kile kisanduku cha buluu, kimefunguliwa, ili kila anayeingia ainame atazame.