Kapita Hakuchanjwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Bibiche aligeuza samaki waliotandazwa juu ya moshi nyuma ya nyumba yao, karibu na maporomoko ya Kisangani. Baba yake, Papa Guelord, alikuwa ameshakwenda kukagua mitego mtoni. Mlinzi wa samaki alikuwa Kapita, mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika, na paka wa mtaa walimjua vizuri sana!

Lakini wiki ile Bibiche hakutulia. Siku ya chanjo ya mbwa na paka, Papa alikuwa amemtuma ampeleke Kapita kwenye uwanja wa ofisi za komini. Njiani akakutana na jirani yao, Tonton Médard.

"Mbwa ya sindano inakuwa muvivu," Tonton alimcheka. "Itaachia paka samaki yote!"

Bibiche akaamini, masikini. Akageuza njia, akaenda kumwogesha Kapita mtoni. Aliporudi akamwambia Papa, "Tayari." Neno moja tu, na likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, mdogo wake Josué alijaribu kumnyang'anya Kapita kichwa cha samaki. Mbwa akamng'ata mkono. Lo! Yowe lake lilisikika mtaa mzima. Tonton Médard akaja mbio na jiwe jeusi, lile ambalo watu hulibandika mahali palipoumwa na nyoka.

"Litafyonza sumu yote," alisema, akalifunga juu ya jeraha. Damu haikukoma, ndipo wakamkimbiza Josué kituo cha afya.

Muuguzi, Maman Emilie, alipoliona jiwe akakasirika.

"Ondoeni hilo! Jiwe halifyonzi kichaa cha mbwa!" Akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, Josué akipiga kelele. Kisha akauliza, "Bon, Papa Guelord, mbwa wenu amechanjwa?"

"Ndiyo, Maman. Binti yangu alimpeleka mwenyewe."

"Afadhali. Basi tusimchome mtoto sindano kwanza. Tutamwangalia mbwa tu."

Bibiche alitazama mlango, akamtazama Papa, akautazama mkono mdogo wa Josué. Aliogopa aibu, lakini alimwogopea Josué zaidi.

"Hapana, Maman!" alilia. "Kapita hakuchanjwa. Nilisema uongo."

Maman Emilie hakupoteza muda kumgombeza mtu. Alimchoma Josué sindano ya kwanza palepale, akaagiza Kapita afungwe na aangaliwe siku kumi.

Siku hizo Bibiche hakutulia hata kidogo. Akiwa darasani alimfikiria Kapita. Akiwa nyumbani alimchungulia. Je, amekunywa maji? Je, hadondoshi mate? Kapita alikunywa, akala, akabweka kama kawaida. Josué naye alirudi kituoni kila alipoitwa, akachomwa sindano zake.

Siku zilipotimia, Maman Emilie alikuja nyumbani, akamkagua mbwa, akatabasamu. Bibiche akaangua kilio cha furaha.

"Kapita hana kichaa, Josué, uko salama," alisema Maman Emilie. "Lakini sikiliza, Bibiche. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa. Ndiyo maana tunachanja mbwa na paka mapema, hata wakiwa wazima, na tunarudia kwa wakati wake. Na mimi natibu kwa kufuata maneno mnayoniambia. Ungenyamaza siku ile, ningemrudisha mdogo wako nyumbani bila sindano."

Asubuhi iliyofuata Bibiche na Papa walimpeleka Kapita kwa daktari wa mifugo. Waliporudi, paka wa Tonton Médard alikuwa ameshanyemelea samaki. Kapita aliruka kwa nguvu zote, na paka akapita juu ya ua bila kugusa hata mkia wa samaki.

Tonton Médard aliyaona yote. Akakuna kichwa.

"Alors, Bibiche," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyo daktari anachanja na paka?"

"Ndiyo, Tonton. Mlete, nitakusindikiza."